Samli ya Mama Rebeka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo msinijibu kwa vigelegele. Ngojeni kwanza mnisikie, maana nimesimama hapa na aibu.

Vita vilipowaka mlimani, Mama Rebeka, mjane kutoka kijiji cha Bijombo huko juu, alikimbilia huku Uvira, nikampa chumba kwangu, mtaa wa Kasenga. Wakati huo mguu wangu wa kulia ulikuwa umeanza kunitesa. Natembea hatua hamsini tu, kigimbi kinabana, nasimama njiani nikijifanya nasalimia watu. Mama Rebeka akanihurumia. Kila jioni alinikanda kwa samli aliyoshuka nayo kutoka kwao, huku akiomba.

Kisha kidole gumba kikawa cheusi. Ndugu zangu, nilisema nini? Nilisimama hapa hapa, mimi shemasi, nikasema samli ile ina uchawi! Nanyi mkaniamini. Nikamtoa nje na mkeka wake, risasi zikisikika mlimani. Hakubishana. Alisema tu, "Baba shemasi, miye nilikuwa nakuombea."

Kidole kikazidi kuoza. Mdogo wangu anayeishi Nairobi akaniita huko, nikaenda na mke wangu. Daktari akanipima, akasema mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba. Akauliza, "Mzee, unavuta sigara?" Mke wangu akawahi kujibu, "Hapana, huyu iko shemasi!" Nikatazama chini. Miaka ishirini nilivuta nikijificha nyuma ya choo, kisha natafuna tangawizi, nakuja kuwafundisha watoto wenu! Nikakiri pale pale, daktari akasema moshi huo ndio ulioziba mishipa. Mke wangu alilia sana.

Waliingiza uzi mwembamba ndani ya mshipa, nchani una mwanga wa lazeri, ukachoma uchafu ulioziba, damu ikapita. Mguu ukapata joto, haleluya! Kidole walikikata, lakini mguu ninao. Mungu amemponya mwongo, ndugu zangu, na mwongo mwenyewe ndiye mimi.

Sigara nimeacha. Ushemasi nimeurudisha kwa mchungaji. Nawe unayeficha jambo, mtumaini Bwana, ulitoe kabla halijaoza.

Mama Rebeka, nakuona pale nyuma, peke yako kwenye benchi ambalo watu wanaliogopa kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikusingizia mbele ya kanisa, nakuomba msamaha mbele ya kanisa. Sasa nakuja hapo kwa miguu yangu. Ukiniruhusu, nitakaa kando yako. Ukinikataa, nitasimama.