Nilikuwa Nikicheka Pamoja Nao

Shikamooni mama zangu mlionitangulia. Na ninyi wadogo zangu, hamjambo. Mwalimu amenisimamisha kwa sababu leo darasa letu la Kiingereza lina wapya, na amenikataza kuongea Kiingereza ili wapya wasikimbie kabla hawajakaa. Amenikataza pia kutaja jina la mtu. Sitataja. Atakayemtambua amtambue mwenyewe, mimi simo.

Natoka huko juu, Kirua Vunjo. Ni mjane. Mume wangu aliniachia kihamba chetu, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, pamoja na nyumba tuliyoijenga wote wawili, mimi nikibeba maji ya zege kichwani. Aliniachia na binti mmoja, yuko sekondari ya bweni. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, limezungushiwa masale, ile mimea yetu ya majani marefu. Wenzangu wa mlimani mnajua, kwetu mtu halazwi mbali na migomba yake.

Baada ya msiba, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja na wazo. Yeye anaishi mjini, kazi yake ni kutembeza watalii, na Kiingereza anacho. Akaniambia, "Shemeji, niwalete wageni hapa nyumbani waone kahawa inavyotoka mtini mpaka inaingia kikombeni. Wewe ni kukaanga na kutwanga tu. Kuongea niachie mimi." Nikafurahi. Ni damu ya mume wangu, nimwogope kwa lipi?

Basi wageni wakaanza kuja. Nawawashia moto, nakaanga kahawa kwenye chungu, natwanga kwenye kinu huku naimba, wao wanapiga makofi. Shemeji amesimama pembeni anaeleza. Kuna mahali akifika ananionyesha kwa kidole, wageni wananitazama, wengine wanatabasamu, wengine wanacheka. Na mimi nacheka. Mgeni akicheka kwako, utamnunia? Mama mmoja wa Kizungu anayeishi mjini, aliyekuwa anarudi mara kwa mara, alikuwa na tabia ya kunipapasa mkono kila nikimpa kikombe, taratibu, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Nikasema huyu ana upendo.

Siku moja binti yangu alikuwa likizo. Akanisaidia kugawa vikombe. Shemeji akafika pale pake pa kuninyooshea kidole, wageni wakacheka, nikacheka. Binti akaweka sinia chini akakimbilia jikoni. Nikamfuata, nikamkuta analia hata kupumua hawezi.

"Mama, kwa nini unacheka?"

"Wageni wanacheka, mwanangu."

"Wanakucheka wewe, mama."

Alikataa kunieleza. Nikambana mpaka akasema. Ba'mdogo wake alikuwa anawaambia wageni kwamba nyumba ni yake na kahawa ni yake. Mimi ni mfanyakazi wake, kichwa changu hakiko sawa, aliniokota kwa huruma ya Kikristo. Anawaambia: msimsemeshe, haelewi kitu, ukimchekea naye anacheka, hebu mtazameni.

Ndugu zangu, nawaambia, nilirudi pale uwanjani nikawamiminia kahawa. Lakini moyoni nilimwambia marehemu mume wangu: tazama mdogo wako. Lala, usiamke, huyu niachie mimi.

Sasa, mtaniuliza kwa nini sikumfokea siku ileile. Ningemfokea kwa lugha gani? Ningepiga kelele kwa Kiswahili na Kichagga, naye angegeuka awaambie wageni, "Mnaona? Ndiyo kile kichwa." Na ningekuwa nimempa ushahidi. Tena hii haikuwa aibu ya wageni peke yake. Ofisi anayofanyia kazi ilikuwa inatafuta nyumba moja ya kudumu ya kupeleka watalii, na bosi wao angekuja kukubaliana na mwenye nyumba. Mnajua mambo yetu ya ukoo. Leo unaitwa mwenye nyumba mbele ya Wazungu, kesho unaitwa hivyo kwenye kikao cha ukoo, keshokutwa mjane anafungasha mikungu yake ya ndizi na kwenda kwa kaka zake. Alikuwa ananitoa nyumbani kwangu nikiwa nimeshika sufuria.

Nikashuka hapa Kiboriloni siku ya soko na ndizi zangu, kama kawaida. Mama mmoja anayeuza mitumba jirani na mimi alikuwa anamwita mteja kwa Kiingereza, "Come, come, my sister." Nikamuuliza umejifunza wapi. Akanileta kwa mwalimu wetu huyu, hapa jirani na kanisa. Mwalimu akaniuliza kama wengine wote, "Mama, unataka Kiingereza cha nini?" Kuna waliosema biashara, kuna waliosema wajukuu wako Ulaya. Mimi nilisema, "Nataka cha kumjibu mtu." Alinitazama sana, akanipa kiti cha mbele.

Mnaoanza leo, msidhani ilikuwa rahisi. Ulimi wangu ulikuwa mgumu kama kande iliyokosa kuni. Mwalimu alitukataza Kiswahili tukiwa tunachambua maharage ya sokoni, maana tunasoma huku mikono inafanya kazi; ukitaka ungo ulio karibu na mwenzako lazima uuombe kwa Kiingereza, na kama huwezi unakaa bila ungo. Nimekaa bila ungo mara nyingi. Nyumbani sikuwa na wa kuongea naye, kwa hiyo nikaongea na ng'ombe. Nikimpelekea majani namsalimia, namuuliza amelalaje, namwambia leo kuna baridi. Jirani akapita akanisikia, akaenda kutangaza kwamba kweli yule mama kichwa si kizima. Nikasema sawa, tangazeni, habari zimfikie na shemeji alale usingizi.

Maana wakati wote huo wageni walikuwa wanakuja, na mimi nilikuwa nacheka vilevile. Ila sasa nilikuwa nasikia. Mwanzoni nilidaka neno moja moja, nyumba, kahawa, mwanamke. Baadaye nikaanza kudaka sentensi nzima. Siku nilipoelewa mwenyewe, bila binti wala mwalimu, kwamba ameniita mzigo wa familia, nilimwongezea kahawa. Nikamwambia, "Kunywa, shemeji, bado ipo." Padri asikie asisikie, ile ladha ya kujua mtu hajui kwamba unajua, nilikuwa naitafuna kama ndizi mbivu.

Siku ya bosi ikafika. Alikuja mama wa mjini, nadhifu, pamoja na wageni wake. Shemeji alivaa koti. Akaanza wimbo wake: karibuni nyumbani kwangu, hii ndiyo kahawa yangu, na huyu ndiye yule mfanyakazi wangu niliyewaambia. Akaninyooshea kidole.

Nikaacha kutwanga. Nikaegemeza mchi, nikafuta mikono kwenye khanga. Nikasema, "Good morning. You are welcome. This is my house."

Ng'ombe tu ndiye aliyesikika, anatafuna. Nikaendelea, kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, wakati uliopita na ujao nikiuvuruga wote. Nikawaambia mimi ni mke wa mwenye nyumba. Mume wangu amelala pale nyuma. Njooni mumwone. Wakanifuata hadi kaburini, bosi mbele. Nikawaonyesha msalaba wenye jina lake, na jina langu chini yake kama mke. Kisha nikawatajia maneno ya shemeji, moja baada ya jingine, pamoja na lile la mzigo wa familia, na nikayasema kwa sauti yake, na kidole nikanyoosha kama yeye. Yule mama wa kupapasa mkono alikuwepo siku ile. Alishika mdomo.

Bosi akamgeukia shemeji. "Wewe unalala chumba kipi katika nyumba hii?"

Shemeji akafunga kifungo cha koti lake.

Ndugu zangu, sitawadanganya, kanisa liko hapo jirani. Niliona raha. Nilimtazama jasho linavyomtoka ndani ya lile koti, nikatamani jua liongezeke.

Bosi alikubaliana na mimi, palepale. Wageni wakabaki wangu. Lakini hadithi haijaisha, kwa sababu shemeji ni mjanja na mila anazijua. Alimwendea baba mkubwa wa ukoo, wakaja naye, na mkononi ameshika jani la isale, kama yale masale ya kaburini, limefungwa fundo. Kwa wasio wa huku: mtu akikukosea akakuletea isale, hukatai kumsamehe. Hata kama amekutoa jicho. Ukikataa, laana inabaki kwako. Alijua kabisa nimefungwa mikono. Na walichagua saa ambayo hakuna mtu, waniombe radhi jikoni, yaishe humohumo kwenye moshi.

Nikamwambia baba mkubwa, "Jani nitalipokea, baba. Sina ubavu wa kulikataa. Lakini wageni wanakuja baada ya misa ya Jumapili. Alilete siku hiyo, na aombe radhi kwa Kiingereza."

Baba mkubwa akasema, "Mwanangu, isale halina lugha."

Nikasema, "Matusi yake yalikuwa nayo, baba."

Mzee akamwambia shemeji, "Umesikia. Jumapili."

Alikuja. Alisimama katikati ya uwanja na jani lake mbele ya wageni, akanong'ona. Nikamwambia sijasikia. Akarudia. Nikamwambia yule bibi wa nyuma naye hajasikia. Akarudia kwa sauti: nyumba ni ya kaka yangu na mke wake, mimi nilisema uongo, naomba unisamehe. Kiingereza chake kilikuwa kizuri sana siku hiyo. Ndipo nikanyoosha mkono nikapokea isale, nikaenda kulichomeka kaburini kwa mume wangu, alione na yeye.

Basi nashukuru. Nakushukuru mwalimu, hukuniuliza ni mtu gani. Mama wa mitumba, Mungu akuzidishie. Binti yangu, aliyelia kabla yangu. Na ninyi mlionivumilia nikiomba ungo. Wapya, ninachowaambia ni kimoja: ukiona watu wanacheka nyumbani kwako, jifunze lugha wanayochekea. Na ukishajifunza, usiharakishe kusema. Sikiliza kwanza mpaka ushibe.

Mnauliza kama nimemsamehe. Nimemsamehe, isale nimepokea. Hata kazi nimempa. Siku za wageni yeye ndiye anatwanga, maana mgongo wangu umechoka, na mimi ndiye naongea. Nikifika mahali fulani namnyooshea kidole na kuwaambia wageni kwa Kiingereza: huyu ni shemeji yangu, kichwa chake ni kizima kabisa, semeni lolote, anaelewa kila neno. Wageni wanacheka. Naye anacheka.