Marehemu Auleria, Aliyeuliza "Kati ya Wangapi?"

Ndugu jamaa na marafiki, mlioomba ruhusa kazini kuja kumuaga dada yetu kabla hajasafirishwa kwenda Kamachumu, familia inawaomba mmsikilize kwa mara ya mwisho kupitia maisha yake.

Auleria Rwegasira alizaliwa tarehe 3 Mei 1968, Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa tatu wa Mwalimu Rwegasira na Mama Eseza, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1976 hadi 1982, na kumaliza kidato cha nne Bukoba mwaka 1986. Tarehe 12 Januari 1991 alifunga ndoa na Evans, wakajaliwa mtoto mmoja, Irene, aliyezaliwa 1992, lakini mwaka 1997 Evans akafariki kwa ajali ya barabarani, na mwaka uliofuata Auleria akamwacha mtoto kwa bibi yake, akaja Dubai kufanya kazi za ndani huko Rashidiya, kwa Bibi Asila, mwenye asili ya Unguja.

Bibi Asila hakujua Kiingereza, hivyo kila asubuhi Auleria alimsomea gazeti, na tarehe 10 Julai 2002 akakuta habari kwamba vidonge vya homoni, vile ambavyo Bibi alikuwa akivitumia tangu hedhi ilipokoma, vinaongeza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia ishirini na sita. Bibi akasema, "Khalas, katupe vyote," na Auleria akavitupa. Ikafuata miaka mitatu ya joto la ghafla, jasho la kulowesha shuka na kiyoyozi kinawaka, usingizi wa mang'amung'amu, hata Bibi akaacha kufundisha watoto Kurani, kazi aliyoipenda kuliko zote.

Mwaka 2006 Auleria alipata kazi ya msaidizi wa wauguzi katika kliniki ya wanawake, Deira, na huko daktari akamfafanulia utafiti uleule: kati ya wanawake elfu kumi waliotumia vidonge vya aina ile kwa mwaka, thelathini na wanane walipata saratani hiyo, na kati ya elfu kumi wasiotumia, thelathini. Hatari ilikuwapo, gazeti halikudanganya, ila ilikuwa ya watu wanane zaidi kati ya elfu kumi, na kila mwanamke alistahili kuipima mwenyewe. Siku hiyo Auleria alipanda basi hadi Rashidiya kuomba radhi. "Hukuandika wewe, mwanangu, umesoma tu," Bibi akamwambia. "Nilisoma kichwa cha habari, Bibi, nikaishia hapo," akajibu, akalia.

Tangu hapo, kila mwanamke aliyemletea habari ya kutisha kutoka gazetini au kwenye simu, wakiwemo wafanya usafi wa mtaa wa Muhaisnah aliokuwa akiwatembelea siku zake za mapumziko, aliulizwa kwanza, "Kati ya wangapi?" Wengine walimwona mjuaji, na kusema kweli alikuwa mbishi.

Mwaka 2018 zamu yake ya kukoma hedhi ilifika, akapima faida na hatari, akaamua kutumia vidonge kwa miaka minne. Tarehe 14 Februari 2023 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji, akapata kemotherapi, na minong'ono ikaanza, hata humu kanisani, kwamba ni vile vidonge vyake. Irene alimuuliza daktari, daktari akasema kwa mgonjwa mmoja hakuna awezaye kujua. Auleria aliagiza lisomwe leo neno lake hili, nasi tunalisoma kama alivyolisema: "Huenda ni vidonge, huenda sivyo. Sijui, na ninyi hamjui. Msimtishe mwanamke yeyote kwa jeneza langu, wala msimdanganye kwamba hakuna hatari. Mwacheni aulize." Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, ameacha mtoto na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa Deira, majirani waliopika zamu kwa zamu, na Bibi Asila, aliye nasi hapa mbele, ambaye akiwa na miaka sabini na saba alihamia chumbani kwa mgonjwa wiki tano za mwisho, akamwogesha na kumlisha kwa mkono wake, na kila muuguzi alipomuuliza yeye ni nani wa mgonjwa, akajibu, "Mama yake."

Pumzika, Auleria wetu, kwa amani.