Choo cha Mifagio

Ndugu zangu, asanteni kwa kusogeza viti nikapita. Leo nitasema mambo ya choo, na asiyependa anivumilie, kwa sababu choo kilikaribia kuniua.

Wengi mnajua bodaboda ilinigonga Waiyaki Way, nikatoka hospitali bila mguu mmoja, na wa pili haubebi uzito. Hilo nililikubali. Mwajiri wangu alinirudisha kazini katikati ya jiji, lifti ilifanya kazi siku nyingi, na kwenye orofa yetu kulikuwa na mlango wenye alama ya kiti cha magurudumu. Nikamshukuru Mungu. Kumbe mlango wenyewe una kufuli.

Msimamizi wa jengo aliniambia kwa upole kabisa kwamba humo wanaweka mifagio, ndoo na mti wa Krismasi. Nikamwambia sheria ya majengo inataka choo hicho. Akasema anajua, ndiyo maana kilijengwa. Wakaguzi walikiona, wakapitisha jengo. Choo kilijengwa ili kitazamwe!

Nilimrudia hadi nikachoka. Mara fundi hajaja. Mara aliye na ufunguo amesafiri Kakamega. Mara, mama, si uvumilie kidogo.

Basi nikavumilia. Vyoo vingine kiti changu hakipiti mlangoni. Nikaacha chai ya asubuhi, nikaacha maji, mpaka nifike kwangu Kangemi jioni. Wenzangu ofisini walidhani nafunga na kuomba. Jamani, figo hazijui kuvumilia. Nililazwa na homa kali. Daktari akauliza maji nakunywa saa ngapi, nikamweleza. Akaniangalia sana. "Kwa hiyo unajikausha kwa ajili ya mifagio?"

Nililia siku hiyo. Halafu hasira ikanishika, na ile hasira ndiyo iliyoniinua kitandani.

Niliporudi kazini kukawa na mkutano wa wapangaji, na mwenye jengo alikuja mwenyewe. Walijadili maegesho ya magari weee! Nilipopewa nafasi sikuhutubia. Nilimwomba dada wa mapokezi anijazie gilasi ya maji, nikainywa yote mbele yao. Nikaomba nyingine, nikaimaliza. Kisha nikasema, "Sasa nimekunywa maji kama ninyi. Nielekezeni pa kwenda."

Msimamizi akaanzisha tena habari ya fundi. Mwenye jengo akamkatiza, akamuuliza ufunguo uko wapi.

Ulikuwa mfukoni mwa msimamizi. Muda wote ule, ndugu zangu, mfukoni.

Wapangaji wenyewe walitoa zile ndoo, na tai zao shingoni. Msidhani nilifurahi, nilikuwa nimebanwa. Na nilipoingia nikakuta hata chuma cha kushikilia hakikuwahi kufungwa ukutani. Nilisonya peke yangu humo ndani. Chuma hicho kimefungwa mwezi uliopita, baada ya kelele nyingine.

Namshukuru daktari yule, dada aliyejaza gilasi bila kuuliza kwa nini, na ninyi mliokuja wodini na uji.

Majuzi nilimkuta mlangoni pale mzee wa mikongojo, ana ofisi orofa ya juu. Akaniambia miaka yote alikuwa akivuka barabara kwenda kujisaidia msikitini, na hakumwambia mtu. Kwa hiyo ninyi mnaojenga nyumba za kupangisha, nawaomba jambo moja: mtu akinyamaza, msidhani hana haja.