Mkono Uliopokea Tumbaku: Maisha ya Bi Philomena Bighetty

Ndugu waombolezaji, familia imemwachia Shaylene Castel, binti wa nyumba yake, awasomee maisha ya mama yetu, naye anaomba mumvumilie sauti ikikatika.

Bi Philomena alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kambi ya mawindo ya baba yake, Mzee Solomon, kando ya mto Churchill, kaskazini mwa Manitoba, nchini Kanada, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee. Mwaka 1957 alichukuliwa kwa ndege pamoja na watoto wengine wa Kikree, kabila letu la wenyeji wa nchi hii, akapelekwa shule ya bweni ya kanisa, akanyolewa nywele siku ya kwanza, akasoma huko hadi 1966, na katika miaka yote hiyo alikumbuka jambo jema moja tu, mpishi aliyekuwa akimfichia ganda la mkate mfukoni.

Tarehe 5 Juni 1971 aliolewa na marehemu Hector Bighetty, mvuvi, na tarehe 20 Agosti 1973 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Lorna, ambaye watu wa ustawi wa jamii walimchukua akiwa na miezi kumi na moja kwa maelezo kwamba nyumba ilikuwa ndogo, na mama yake hakumwona tena. Bi Philomena alikunywa pombe miaka mingi baada ya hapo, hakuwahi kulificha hilo, akaiacha mwaka 1989 akiwa dobi wa hospitali mjini Winnipeg, na mwaka 1994 akafungua nyumba yenye vitanda sita kwa wasichana wetu wanaolala nje, wapate kuacha pombe na kupona.

Januari mwaka huu Shaylene alifika mlangoni akiwa na mimba ya miezi saba, vitanda vyote vimejaa, akapewa chai na mchuzi wa nyama ya mawindo, na kwa aibu ya kula bure akatoa sigara moja iliyopinda, kitu pekee alichokuwa nacho, naye Bi Philomena akaipokea kwa mikono miwili. Kwetu, ukipokea tumbaku ya mtu umepokea na shida yake, lakini Shaylene alilelewa na wageni, hakuyajua hayo.

"Nilikupa uvute tu, bibi," alisema.

"Mimi kuvuta niliacha zamani, mwanangu. Lakini mkono umeshapokea. Ingia, unatuingizia baridi!"

Alimpa chumba chake, yeye akalala kwenye kochi hadi siku alipolazwa hospitalini. Februari Shaylene alitoroka siku nne akanywa, na aliporudi hakuulizwa alikotoka, aliwekewa maji ya moto ya kuoga na soksi zilizopashwa juu ya jiko, na tangu siku hiyo hajaonja tena.

Tarehe 9 Machi alizaliwa Marielle, na kesho yake mtumishi wa ustawi alikuja hospitalini na kiti cha mtoto cha gari, tayari kumchukua, akauliza mtoto angelala wapi.

"Kwangu," Bi Philomena alijibu.

"Na wewe ni nani wake?"

"Nimepokea tumbaku ya mama yake."

Mtumishi yule, binti wa kwetu naye, akaandika "bibi", na mtoto akabaki na mama yake kwa sharti kwamba wote wawili wakae chini ya uangalizi wa Bi Philomena mpaka kesi isikilizwe.

Mwezi Septemba Bi Philomena aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama Lorna amefika, na Shaylene, kwa huruma, akamwambia, "Nipo, mama." Alifumbua macho akamwambia, "Usinidanganye, Lorna angekuwa na mvi sasa. Wewe ni Shaylene. Lakini usiuachie mkono." Alifariki Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, saa kumi jioni, mkono ukiwa umeshikwa.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyeongeza kiti cha pili kando ya kitanda chake bila kuombwa, jirani yetu Bwana Ovide aliyeondoa theluji kwenye ngazi zetu kila msimu wa baridi, na kina mama wenzake wa dobini waliopika tangu Jumapili.

Tunalo ombi moja. Kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi, ndiyo kesi ya Marielle, hakimu atauliza mtoto analala wapi na nani anamwangalia, na karatasi ina jina la mama tunayemzika leo. Shaylene anaogopa sana. Dada zake wa nyumba ile watakuwepo, lakini mabenchi ya mahakama ni marefu, na yeyote kati yenu aliyewahi kupokelewa na mama huyu tunamwomba aje akae nyuma ya Shaylene, hata asiposema neno.

Pumzika kwa amani, Kookum, bibi yetu, zamu yako imekwisha, na mtoto tunaye sisi.