Mama Halima Shee, Msomaji wa Kila Badiliko

Baada ya miaka ishirini na tisa katika ghala letu la mbegu hapa Mukuyuni, Mama Halima Shee anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Naandika nikitabasamu, maana nina mwezi mmoja tu wa ndoa, na katika raha hiyo Mama ana mchango wake.

Alikuja kutoka Mwingi akiwa karani kijana. Tangu hapo hakuna ndengu wala kunde zilizotoka ghalani kabla hajaandika zimetoka kwa nani na ziliota vipi. Mkulima akisahau alichopanda mwaka juzi, Mama humkumbusha, kisha humtania kwamba hata jina la mkewe atalisahau.

Januari tulianza kuhamishia madaftari yake kwenye tovuti, ili wakulima watafute mbegu kwa simu. Mimi nikiwa hapa na Kiema, mchumba wangu wakati huo, akiwa Kitui, tulitumia lugha ya programu ya JavaScript mbele na nyuma: kwenye kurasa anazoona mkulima, na kwenye seva inayotunza rekodi. Kazi yote tuliiweka kwenye Git, inayohifadhi kila badiliko pamoja na maelezo na jina la aliyelifanya. Mama aliipenda papo hapo! Alidai maelezo kamili. Nilipotaka kupakia kila kitu kwa mkupuo, faili ya nenosiri ikiwemo, alinirudisha niikague orodha ya faili kwanza, kama magunia mlangoni.

Oktoba akili yangu yote ilikuwa harusini. Ijumaa, kabla ya kwenda mjini Salama kuolewa, nilibadilisha ukurasa wa kutafuta mbegu na kuacha maelezo haya tu: nimemaliza, nakupenda Kiema. Jumatatu ukurasa ukakataa kufunguka, wakulima wamejaa uani na mvua inakaribia. Wenzangu walitaka kunipigia simu, Mama akawakataza: bibi harusi aachwe. Alisoma historia ya mabadiliko kwenye Git hatua kwa hatua, akapata moja tu isiyosema imebadilisha nini. Akaiondoa, ukurasa ukafunguka. Kabla ya saa sita mchana wakulima walikuwa na mbegu, na mvua ilikuta mashamba yamepandwa.

Niliporudi hakunigombeza. Alinishauri tu kwamba mapenzi niyatume kwa simu ya Kiema.

Wiki iliyopita Fahima, anayechukua nafasi yake, aliweka badiliko lake la kwanza. Maelezo yake yalijaa mistari minne.

Asante sana, Mama Halima. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu wengi wa kukuchosha huko Mwingi. Desemba mimi na mume wangu tutabisha hodi.