Lambert Overhage na Jina la Shamba

Miaka arobaini na mitatu Lambert Overhage ametunza vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo vya kanisa letu hapa Westfalia. Tarehe 30 Septemba anastaafu, anarudisha ufunguo wa kabati la vitabu hivyo. Mchungaji alitaka mwalimu aandike wasifu huu, nikakataa. Mimi Hinnerk Tappe, mpiga kengele, nimesoma miaka minne tu, lakini kwa kumjua Lambert hakuna wa kunishinda.

Watu walitoka hata ng'ambo ya bahari kuuliza asili ya majina yao ya ukoo. Lambert alipuliza vumbi, akawatajia babu wa babu yao kabla kahawa yao haijapoa. Muuza nyama mmoja aliambiwa babu yake aliiba bata bukini. Mwaka mzima Lambert hakuuziwa soseji, nilimnunulia mimi.

Jina lake mwenyewe hakulitafuta. Alijua, akijigamba: Overhage, damu moja, miaka mia nne. Majira ya baridi yaliyopita akafungua kitabu, akakuta mwaka 1694 kibarua Berend Kolk alimwoa mjane wa Overhage, akahamia kwake, na kwa desturi yetu akaacha jina lake akachukua la shamba, Overhage.

"Kumbe na wewe wa kuja!" nikamcheka.

"Cheka tu, Hinnerk. Jina ni la shamba. Sisi tulilivaa tu, kama koti la nyuma ya mlango."

Kicheko kikanikauka. Lambert hana mtoto, na shamba alikwisha kumuuzia Dressler, mtu wa mjini. Akamwendea, kofia mkononi, kumwomba akubali kuitwa Overhage.

"Mzee, nimenunua shamba, sikununua jina."

Lambert akaja kukaa benchi la nyuma kanisani. Nilimaliza kengele ya jioni, bado amekaa.

Mimi ni mbishi. Tangu hapo kila asubuhi hupita langoni pa shamba lile nikapaza sauti: "Habari za asubuhi, Overhage!" Dressler alinisahihisha, akanitukana, akachoka. Jumanne iliyopita alikuwa anazibua mfereji, matope hadi viwikoni. Nikamsalimu vilevile. Hakuinua hata kichwa.

"Nzuri, Tappe."

Nilikimbia kumwambia Lambert. Alivua miwani, akaifuta, akaifuta, mpaka nikatazama pembeni.

Ahsante, Lambert. Nenda salama kwa dada yako Bremen, ukapumzike. Lango nitalipita mimi kila siku, maadamu miguu inanibeba.