Chumba Alichokibakiza Pimamaji

Ndugu waombolezaji, usiku wa tarehe 2 Februari 2023 mtaa mzima ulisikia nyundo, gu, gu, gu, mkadhani ni wezi, kumbe ni marehemu baba yangu akibomoa ukuta wa mbele wa nyumba yake mwenyewe, na kwa kuwa baba mdogo amenipa karatasi iliyoandikwa na watu wa kiwanda cha matofali ili niisome hapa, mnisamehe, naikunja, nasoma yangu, mtoto akilia mtu anishikie.

Marehemu, mliyemwita Pimamaji kwa sababu hakupanga safu ya tofali bila kifaa hicho cha kunyooshea ukuta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba hiyohiyo, wa kwanza kati ya wawili, wa pili ndiye huyu baba mdogo anayenikazia macho. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akaingia uashi, tarehe 20 Aprili 1985 akamwoa mama, aliyetutangulia mwaka 2016, wakajaliwa kaka zangu wawili na mimi kitindamimba, niliyerudi kwa baba na mimba, na wanaonong'ona hapo nyuma waendelee, nawasikia.

Mwaka 2019, paa zikivuja na mitaro ikifurika, ni yeye aliyevaa shati lake la harusi akabisha hodi kiwanda cha matofali, kiwanda cha rangi na kampuni ya malori, akiwaambia wenye mali wa hapahapa kwamba vibarua wao wanalala kwetu, basi waweke mitaji kwetu, wajenge, wapate faida yao nasi tupate kuta, wakamcheka, majirani nao wakamwita dalali, lakini mtaka cha mvunguni huinama, akarudi tena na tena hadi wakakubali mbele yetu sote kwamba vyumba vya wakazi vitajengwa kwanza, maduka baadaye, na watu walipoogopa kupisha ujenzi, ndipo akashika nyundo, akaanza na kwake.

Leo maduka yamefika ghorofa ya pili, vyumba havina hata msingi, na wewe mzee wa kiwanda cha matofali, uliyekaa mbele na leso kavu, ulisimama mlangoni kwetu mimi nikinyonyesha, ukamwambia, "Fundi, biashara si sadaka," akakujibu, "Sikukuomba sadaka, nilikuletea biashara, wewe ukaleta njaa," kisha akajifungia katika chumba kimoja kilichosalia, upande mmoja turubai, akakataa kukitoa kibomolewe, mvua ikamkuta humo, mapafu yakajaa maji, akalazwa tarehe 28 Mei 2024, akafariki tarehe 9 Juni saa kumi alfajiri.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliotuchotea maji, hata mliomwita dalali, na mafundi wenzake mliochimba kaburi mkalinyoosha kwa pimamaji yake, kampuni nitazishukuru siku vyumba vitakaposimama, kabla ya hapo mimi na mwanangu hatutoki chumbani humo, greda lije lisije, na baba mdogo asithubutu kunitilia sahihi ya kukitoa.

Baba, wodini uliniita karibu ukaniambia kwamba usiku ule wa nyundo ulitetemeka kwa woga mpaka ukajigonga kidole, nami nimelisema mbele ya watu kwa sababu leo ninaogopa pia, sasa lala kwa amani, Pimamaji wetu, siri yako hawa wameshaisikia, mwingine simwambii.